Wawili Shelisheli: jinsi ya kupanga La Digue, Praslin na Mahé

Wengi huvipanga visiwa vya Shelisheli kama vinavyofuatana kwenye ramani: Mahé kwanza, halafu Praslin, La Digue mwisho. Mpangilio huo una hatari. La Digue haina uwanja wa ndege, kwa hiyo siku ya kurudi nyumbani mnajikuta na boti mbili za kupanda kabla ya kufika uwanja wa kimataifa ulioko Mahé. Bahari ikichafuka na boti ikaahirishwa, ndege haiwasubiri. Anzeni na kisiwa cha mbali: laleni La Digue siku 3, Praslin siku 3, na siku 2 za mwisho Mahé. Ndege ikitua jioni, laleni Mahé usiku huo na mvuke bahari asubuhi.

Kabla ya kukata tiketi za boti, shughulikieni karatasi. Shelisheli haidai viza, lakini kila mgeni lazima apate kibali cha kusafiri kwa njia ya mtandao kabla ya kuondoka, na shirika la ndege hukikagua kabla ya kuwapa nafasi. Fomu inauliza mtalala wapi, hivyo wanaosema watatafuta nyumba wakifika hukwama hapo. Mkitoka nchi yenye homa ya manjano, beba cheti cha chanjo. Huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa.

Msimu ndio unaoamua mtafurahia au mtateseka. Kusi huvuma kuanzia Mei hadi Septemba: hewa ni kavu na ya baridi kidogo, lakini mawimbi huwa makubwa na mwani hurundikana kwenye fukwe zinazotazama upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huja na joto na mvua nyingi, hasa Januari. Maleleji ya Aprili na Oktoba hadi Novemba ndiyo bora kwa wanaotaka kupiga mbizi, kwa sababu bahari hutulia na maji huwa maangavu.

Boti ya mwendo kasi kutoka Victoria, mji mkuu ulioko Mahé, hadi Baie Sainte Anne, Praslin, huchukua takriban saa 1. Kutoka hapo hadi La Digue ni kama dakika 15. Kipande cha kwanza ndicho kinachowatapisha watu wakati wa kusi. Kaeni sitaha ya chini, katikati au upande wa tezi (nyuma), kwa kuwa omo (mbele) ndiyo inayorushwa zaidi. Dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuondoka. Ukisubiri mpaka tumbo lianze kuvurugika, umechelewa. Kula kidogo, chakula kikavu, na weka simu mfukoni. Anayeogopa bahari kabisa apande ndege ndogo ya Mahé hadi Praslin, lakini apime mizigo kwanza.

La Digue ni kisiwa cha baiskeli. Kodini mbili, na kabla ya kulipa bana breki zote kwa nguvu huku ukiisukuma baiskeli mbele: gurudumu likiendelea kuzunguka, omba nyingine, maana mteremko wa kuelekea Grand Anse ni mkali. Chukueni na tochi. Usiku njia nyingi hazina taa.

Anse Source d'Argent, ufuko wa majabali makubwa ya matale, una kiingilio, maana njia yake hupita ndani ya shamba la L'Union. Tazameni jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kwenda. Yakipwa, maji hubaki ya magotini na hakuna kuogelea. Yakijaa, mchanga hupungua na kupita kati ya majabali kunalowesha mikoba. Nendeni maji yakiwa nusu na yanaendelea kujaa. Kesho yake maji yatafika hali hiyo takriban dakika 50 baadaye. Grand Anse na Petite Anse ni habari nyingine: hakuna mwamba unaokinga, na mikondo ya kusi huvuta hata waogeleaji hodari. Hapo tazameni tu.

Praslin, ingieni Vallée de Mai mapema asubuhi, kasuku weusi wanapolia na kabla makundi ya watalii hayajafika. Msitu huu wa minazi ya koko-de-meri uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1983. Anse Lazio iko mwisho wa barabara upande wa kaskazini-magharibi. Wakati wa kusi hukingwa vizuri, wakati wa kaskazi mawimbi huipiga.

Mahé tumieni kwa masoko ya Victoria na kupumzika. Mkinunua mbegu ya koko-de-meri, dai kibali chake cha kuitoa nchini. Bila hicho mbegu huchukuliwa uwanja wa ndege.