Somo: Kitabu cha picha kwa mtoto mwenye selimundu

Wenzangu, nitatumia selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa mfano, maana huku Pwani si maradhi ya kuhadithiwa. Mwenye kuandika juu ya ulemavu au maradhi mengine abadilishe yaliyomo tu; njia ni hii hii.

Hatua ya 1. Mpe mtoto hamu kabla ya kumpa ugonjwa. Vitabu vingi vya namna hii ni vikaratasi vya kliniki vilivyopakwa rangi, na watoto wanavijua kwa harufu. Mhusika wangu anataka kwenda kuogelea ufuo wa Pirates na binamu zake. Maji baridi yaweza kumwamshia maumivu; kiu na uchovu navyo vyaweza. Hapo hadithi imeshaanza: ataendaje? Anangoja jua lipande, haogi muda mrefu, anajifuta upesi, na chupa ya maji haimtoki mkononi. Tena mwache awe mtundu. Anune, amwage maji, amdanganye nyanyake kwamba ameshakunywa. Mtoto mgonjwa mwenye subira ya mtawa hakuna anayemwamini.

Hatua ya 2. Hakikisha mambo ya tiba. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini. Za selimundu hujipinda, zikawa ngumu, zikaziba mishipa midogo. Ndipo maumivu huja. Ugonjwa hauambukizi. Hurithiwa kwa baba na mama, wote wawili, na hili lichoreni waziwazi, wazazi wamekaa bega kwa bega, maana mitaani lawama humwangukia mama peke yake. Wote wawili wakiwa wabebaji, yaani wana urithi wa ugonjwa lakini wenyewe hawaugui, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa; hesabu hiyo ibaki ukurasa wa wazazi. Muuguzi au daktari asome rasimu kabla hujachora. Sentensi hufutika bure, picha haifutiki bure.

Hatua ya 3. Punguza maneno. Sentensi mbili kwa ukurasa zatosha. "Damu yangu imekwama kama tuktuk za Marikiti" mtoto wa miaka 5 ataielewa. "Maskini" na "anateseka" yatoe.

Hatua ya 4. Kunja karatasi. Chukua karatasi 4 za A4, uzikunje pamoja katikati: una kurasa 16 za A5. Ukurasa wa 1 na wa 16 ni jalada, wa 2 ni wa majina ya waliokitengeneza, wa 15 ni wa wazazi, na hadithi inakaa kuanzia wa 3 hadi wa 14. Ukurasa wa 8 na wa 9 ziko upande mmoja wa karatasi moja, kwa hivyo picha inapita katikati bila kukatika. Picha kubwa iweke hapo. Yangu ni usiku wa maumivu: mama anamkanda miguu kwa kitambaa cha maji ya moto, nyanya analeta kikombe, leso imeangikwa dirishani. Wengine huweka kitanda cha hospitali. Mimi sipendi, usiku mwingi mtoto huumia nyumbani.

Hatua ya 5. Msomee mtoto, kisha nyamaza. Usimuulize kama amekipenda, atakujibu ndiyo kwa adabu. Tazama ni ukurasa gani anaurudia.

Maswali ya wanachama

*Mama, Kisauni: Wangu ana kifafa. Nimchore akianguka?*
Mchore, dada, mara moja tu, na macho yaende kwa rafiki zake: mmoja anamlaza ubavu, mwingine anaweka kitu laini chini ya kichwa, wa tatu anaondoa viti. Pasiwe na kijiko mdomoni hata kwa mchezo. Ukurasa wa wazazi useme kifafa kikipita dakika 5, apelekwe hospitali.

*Mwalimu, Likoni: Nina wanafunzi wasioona.*
Mwalimu, gundisha vitu vya kupapasa: kipande cha leso, ukili, msasa uwe mchanga wa pwani. Maneno yaongezwe, maana picha haitawasemea.

*Mwanachama, Changamwe: Mwishoni apone?*
La. Upandikizaji wa uboho huponya baadhi ya wagonjwa, lakini hiyo si ahadi ya kumpa mtoto. Mwishoni aoge baharini.

*Mwanachama, Tudor: Naweza kutia picha za watoto wa kliniki?*
Si bila idhini ya mzazi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hivyo. Mimi huchanganya sura, pua ya huyu na nywele za yule.

*Mama, Kisauni tena: Stepla yangu haifiki katikati.*
Shona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani, irudi ndani kwa la juu, shuka hadi la chini utokee nje, rudi ndani kwa la kati, ufunge fundo. Uzi wa kushonea viatu ndio unaodumu.