Somo: Kabla hujaambiwa "giaboksi imekufa", pima umeme kwanza (Forester SG5 na ndugu zake)

Wakuu habari za jioni. Nimeona wengi mnanifuata pembeni na swali lile lile, la gari kupiga teke na kugoma kona halafu mnaambiwa giaboksi imekufa, bora niliandike hapa mara moja tulimalize. Gari ninayoizungumzia ni Forester SG5 ya 2004, 2.0 isiyo na tabo (turbo), otomatiki ya gia nne, lakini Impreza na Legacy za miaka hiyo zenye giaboksi hiyo hiyo ya 4EAT mambo ni yale yale.

Mwenye nayo anaijua ile asubuhi. Unawasha, taa ya AT OIL TEMP (ya joto la oili ya giaboksi) inaanza kukonyeza, unaingiza D gari inapiga teke kama punda, halafu ukifika paking ukikata usukani mpaka mwisho gari inagoma, kama vile umesahau handibreki. Ukienda gereji fundi anazunguka nayo dakika mbili anarudi anafuta mikono, "bosi hii giaboksi imekwisha, tafuta nyingine". Mimi niliambiwa hivyo hivyo na nilishaanza kuulizia bei za mtumba. Kumbe yalikuwa matatizo mawili yamepandana na hakuna hata moja lililokuwa ndani ya giaboksi.

Kitu cha kuelewa kwanza, maana bila hiki utabahatisha tu: kwenye hizi gari nguvu ya tairi za nyuma inapitia kwenye klachi ndogo ya sahani sahani iliyo mkiani mwa giaboksi. Inabanwa na presha ya oili, na anayepunguza ile presha ni solenoidi, yani vali ndogo ya umeme, inayoamriwa na kompyuta ya giaboksi. Umeme ukikatika kwenye solenoidi, klachi haiachii, inabana moja kwa moja. Yani hitilafu ya waya inakupa dalili ya chuma kilichokufa, na hapo ndipo watu wanapoliwa hela.

HATUA YA 1: Soma taa inasema nini
Taa ya AT OIL TEMP ina lugha mbili. Ikikonyeza mara 16 pale tu unapowasha halafu ikazima, maana yake kompyuta ya giaboksi imehifadhi kosa. Ikiwaka moja kwa moja ukiwa barabarani, mfano umepandisha mlima Kitonga na mzigo, hapo oili imechemka kweli, paki pembeni, weka P, acha injini iungurume mpaka taa izime. Usichanganye hizo mbili.

HATUA YA 2: Betri, alternata na ethi (waya wa hasi ya betri kwenda kwenye chuma cha gari)
Hapa msiruke, na hapa ndipo nilipopona mimi. Chukua testa ya kawaida, weka DC 20, namba zote hapa ni volti. Gari ikiwa imelala usiku kucha betri isome kama 12.6, ikiwa 12.2 kushuka chini betri ina njaa, ichaji kwanza ndio uendelee. Ukiwasha isome kati ya 13.8 na 14.4. Wakati stata inapiga isishuke chini ya 9.6.

Sasa kile ambacho mafundi wengi hawapimi. Waya mmoja wa testa gusisha kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe sio klempu, mwingine gusisha kwenye chuma kisafi cha giaboksi, kisha mwambie mtu apige stata. Ikisoma 0.2 au chini uko vizuri, ikikaribia 0.5 ethi imechoka. Yangu ilisoma 1.1. Nikafuata ule waya mweusi mnene mpaka unapofungwa kwenye bolti karibu na stata, kwa macho unaona mzima kabisa, nikaufungua, ule ulimi wa shaba ulikuwa na unga wa kijani umejaa mpaka ndani ya plastiki, nikiukunja unalia kama biskuti. Nilikata sehemu iliyooza, nikabana ulimi mpya, nikasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, nikapaka grisi juu baada ya kukaza. Gharama haikufika bei ya kuku. Taa ya AT haijakonyeza tena mpaka leo na lile teke la kuingiza D likaisha, kwa sababu kompyuta ikiona umeme wa hovyo huwa inajihami kwa kupandisha presha ya oili mpaka mwisho, ndio maana gia zinaingia kwa kishindo.

Ukiwa hapo hapo chomoa na rudisha soketi kubwa za waya za giaboksi zilizo juu yake, angalia kama zina maji au oili. Magari yanayooshwa injini kwa presha kila wiki ndio wagonjwa wakubwa wa hizi soketi, sijui nani alituambia injini lazima ing'ae.

HATUA YA 3: Oili ya giaboksi
Injini inaunguruma, gari imeshatembea ikapata moto, uko P sehemu tambarare, umepitisha gia zote R mpaka 1 na kurudi. Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa. Dondosha tone kwenye tishu nyeupe. Nyekundu au kahawia ya mbali sawa, nyeusi yenye harufu ya kuungua hapo kuna sahani zimeungua.

Angalizo kubwa: kuna vijiti VIWILI. Kimoja cha giaboksi, kingine cha difu ya mbele ambayo ina oili yake nzito ya 75W-90, kama lita moja na kidogo tu. Nimeshaona gari imemwagwa oili ya giaboksi fundi akidhani anamwaga ya injini, halafu akaongeza ya injini juu ya ile iliyokuwepo. Hiyo gari iliondoka gereji kwa mguu wake ikarudi inavutwa.

HATUA YA 4: Kona na fyuzi
Nenda uwanja tambarare, kata usukani mpaka mwisho, weka D, achia breki bila kukanyaga mafuta. Gari isiyoumwa inazunguka yenyewe taratibu. Ikisita, ikirukaruka au tairi zikilia, klachi ya nyuma inabana.

Zima. Fungua boneti tafuta kiboksi kidogo kilichoandikwa FWD (kuvuta kwa tairi za mbele tu), mara nyingi kiko tupu, chomeka fyuzi, hapo kompyuta inaamriwa iachie klachi ya nyuma. Washa, kwenye dashibodi itawaka taa ya FWD. Rudia kona.
Kama ugumu umeondoka: solenoidi na klachi vinafanya kazi, tatizo liko nje, nenda hatua ya 5.
Kama taa imewaka lakini bado inagoma: solenoidi au ngoma ya klachi, hapo ndio unaongelea kufungua, na hata hivyo unafunguliwa mkia tu, sio giaboksi nzima.
Kama taa haiwaki kabisa: fuata waya wa hicho kiboksi kabla ya kulaumu chochote.

HATUA YA 5: Tairi
Yangu baada ya kutengeneza ethi ilibaki inagoma kwenye kona, nikachomeka fyuzi ikawa laini. Nikakumbuka miezi mitatu nyuma nilinunua tairi mbili mpya nikaweka mbele, nyuma nikaacha za zamani. Nikaazima futi ya fundi cherehani, ina sentimita 150 tu kwa hiyo unaweka alama ya chaki unapima mzunguko wa tairi kwa mara mbili: mpya 208, za zamani 205 na nusu. Tofauti inayokubalika ni kama robo inchi, milimita 6 hivi, mimi nilikuwa na 25! Klachi inaona mbele na nyuma vinatofautiana spidi muda wote hata barabara iliyonyooka, kwa hiyo inasuguana siku nzima. Nilinunua mbili nyingine za aina ile ile, roho iliniuma lakini giaboksi ya mtumba ingeuma zaidi.

Ukishapita hapo salama na bado gari inaumwa, ndio uende kusomewa kosa kwa mashine, na muulize kabisa kama inasoma kompyuta ya giaboksi, maana vile vidude vidogo vya bluetuthi vingi vinasoma injini tu halafu unaambiwa gari haina kosa.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu shukrani sana. Je nikiacha hiyo fyuzi ya FWD moja kwa moja ili niokoe mafuta?
Jibu: Usifanye hivyo kaka. Propela na difu ya nyuma bado vinazunguka, kwa hiyo mafuta utakayookoa hutayaona. Alafu ile solenoidi inakaa na umeme karibu muda wote, unaichosha bure. Ni ya kupimia, na ya kukufikisha nyumbani.

Swali: Yangu asubuhi nikiweka R inakaa kama sekunde tatu ndio ishike, ikipata moto iko poa.
Jibu: R inatakiwa ishike ndani ya sekunde moja na nusu. Pima kiwango cha oili kwanza, yako naihisi imepungua. Kama iko sawa, sili za ndani zimekauka, na hiyo dada sikufichi, ni kazi ya kufungua.

Swali: Nikibadilisha oili nitoe yote kwa mashine ya kusukuma?
Jibu: Ukifungua nati ya chini inatoka karibu nusu tu, nyingine imebaki kwenye tokikonveta (lile bakuli la oili kati ya injini na giaboksi). Mimi natoa nusu, naweka Dexron III, natembea wiki mbili, narudia. Mashine ya kusukuma kwenye giaboksi yenye uchafu wa miaka siipendi.

Swali: Betri inakufa kila nikiiacha siku mbili, alternata nimepima ni 14.1.
Jibu: Kuna kitu kinakunywa usiku. Weka testa kwenye ampea 10, iunge kati ya hasi na waya wake, funga milango subiri nusu saa gari ilale, isizidi 0.05. Ikizidi chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Na usipige stata testa ikiwa hapo, utaiunguza. Anza na alamu na redio zilizofungwa mtaani.

Swali: Mimi nina X-Trail ya zamani, hiyo fyuzi naipata wapi?
Jibu: Huna, lakini una swichi ya 2WD (tairi mbili tu zinavuta) kwenye dashibodi, fanya jaribio la kona ukiwa 2WD halafu Auto, linganisha. Ethi na tairi pima vile vile.

Swali: Fundi niko njiani Chalinze sasa hivi, gari haishiki gia yoyote, kuna jamaa ana Noah anataka kunivuta na kamba mpaka Morogoro, nikubali?
Jibu: Hapana hapana, usikubali. Tairi zote nne zikizunguka injini imezima hakuna pampu ya kulainisha giaboksi, utafika nayo imekufa kweli. Tafuta gari ya kuibeba mgongoni. Wakati unasubiri chomoa kijiti cha giaboksi uniambie kama kina oili.

Swali: Kikavu kabisa mkuu.
Jibu: Chungulia chini kama oili inavuja kwenye ile mipira miwili ya oili ya giaboksi inayokwenda kwenye rejeta. Nitumie picha.