Darubini ndogo ya mawindo: ipime saa ya magharibi, ivae juu kifuani

Nimefuata nyayo kwa misimu kumi na minne, upande wa Rungwa na upande wa Chunya, nikiwatangulia watu wenye leseni ya kuwinda. Kiangazi kikianza, vijana wa hapa Iringa hunipigia simu: "Shikamoo mzee, ninunue darubini gani?" Huwaambia watafute ndogo, ili wasiiache kwenye gari, lakini isiwe ndogo mpaka iwe kipofu alfajiri.

Soma namba zake. Kwenye 8x32, nane ni ukuzaji, yaani mnyama anaonekana kama amesogea mara nane, na 32 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 32 kwa 8, unapata 4. Huo ndio upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. 8x25 inakupa 3 na kidogo, na 10x25 inakupa 2.5. Jua likiwa kali mboni ya jicho hujibana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo zote tatu zitakuridhisha dukani saa sita mchana. Alfajiri na magharibi mboni hupanuka kupita hapo, na hapo 10x25 inakuonesha giza, saa zile zile ambazo tandala anatoka kichakani kula.

Mimi nabeba 8x32. Ina uzito wa nusu kilo na ushee, na shingo yangu imeizoea. Anayebeba bunduki, maji na chakula chake mwenyewe atapendelea 8x25, ya gramu 300 hivi, inayoingia mfuko wa shati. Namba kumi iache. Ukitoka kupanda mwinuko unahema, mikono inatetemeka, na darubini hukuza mtetemeko sawasawa na inavyomkuza mnyama.

Jihadhari na zile ndogo zilizoandikwa 30x60 kwa herufi kubwa. Nilinunua moja Mbeya mjini mwaka wangu wa kwanza, kwa mchuuzi aliyeniapia kwamba inaona hadi ng'ambo ya bonde. Nilipopima kioo cha mbele kwa rula, hakikufika hata milimita 25. Nenda na rula, na mwenye duka akikataa usipime, rudi nyumbani na pesa yako.

Omba utoke nayo nje. Elekeza kwenye paa la bati la mbali au waya wa umeme, kisha rudisha macho nyuma polepole huku ukiendelea kutazama. Mstari ukiwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, vioo vimepinda. Macho yatakuuma na kichwa kitagonga kabla ya saa nne asubuhi. Kisha inyooshe mkono mzima kuelekea anga utazame viduara vya mwanga kwenye vioo vya macho. Viwe duara kamili. Vikikatwa pembeni na kivuli cha kijivu kama pembe za mraba, prizimu, yaani vipande vya kioo vya ndani vinavyopindisha mwanga, ni za kioo hafifu. Mwisho, tazama taa inavyojiakisi kwenye kioo cha mbele: rangi ya kijani au zambarau hafifu ni dalili ya mipako mizuri, nyeupe kama ya dirisha ni dalili mbaya. Vile vioo vyekundu vinavyong'aa usivisogelee.

Sisi wa nyanda za juu tuna jambo jingine, ukungu. Mwezi wa saba pale Mafinga nilitoka kwenye gari lenye joto nikaingia kwenye baridi, na darubini yangu ya wakati ule ikajaa ukungu kwa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Tafuta iliyozibwa isiingize maji na kujazwa gesi ya nitrojeni. Ukungu wa nje utaupangusa.

Ukishanunua, irekebishe mara moja tu. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha funga la kushoto, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha macho cha kulia. Weka alama hapo kwa rangi ya kucha. Mke wangu alinipa yake, na alama hiyo bado ipo.

Mkanda ufupishe mpaka darubini ikae juu kifuani. Ikining'inia tumboni, itagonga buckle ya mkanda wa suruali, itagonga bunduki, na ukiinama kupita chini ya tawi itatangulia yenyewe. Mikanda ya mpira inayopita mabegani hadi mgongoni ni bora zaidi, kwa sababu haiachii hata ukikimbia. Kifuniko chenye kibandiko kinacholia kama nguo inayochanika kiache nyumbani. Palahala husikia sauti ile kabla hujainua mkono. Vumbi lipulize, kisha tumia brashi laini, ndipo upanguse. Ukianza na pindo la shati unasugua kioo kwa mchanga.

Kutazama nako kuna namna yake. Macho yabaki pale yalipoona kitu, ilete darubini machoni, usiinamishe kichwa kuitafuta. Kaa chini, viwiko juu ya magoti. Baba yangu mdogo, aliyenifundisha porini, alikuwa akiniambia, "Usimtafute tandala, mwanangu. Tafuta sikio." Kwenye miombo humpati mnyama mzima. Zungusha gurudumu taratibu, upite jani la karibu, upite la nyuma yake, mpaka mstari wa mgongo utokee kati ya vigogo vilivyosimama. Hesabu basi. Tandala mdogo ana mabaka mawili meupe shingoni na michirizi mingi ubavuni. Dume la tandala mkubwa lina ndevu chini ya shingo. Leseni inataja mnyama mmoja, siyo anayefanana naye.

Na usitumie darubini ya bunduki kutazamia. Upande wa Chunya, asubuhi moja, mgeni tuliyekuwa naye aliona kitu cha kahawia kikisogea chini ya mninga, hatua kama mia mbili. Darubini yake alikuwa ameiacha garini. Aliinua bunduki ili aone vizuri. Mimi niliinua yangu kutoka kifuani, nikaona gunia, kisha bega, kisha mrina asali mzee akishusha mzinga wake, amegeuzia mgongo mtutu. Niliushika mtutu nikausukuma chini bila kusema neno. Mzee aliendelea na kazi yake, hakujua kitu.

Sasa kabla hatujaondoka kambini, hupita kwa kila mmoja nikigusa kifua chake kwa kiganja. Nisipoigusa darubini, tunasubiri aifuate.