Hapa palitokea nini? Namna ya kuzisikia hadithi za mahekalu ya vijijini Tamil Nadu

Watu wa Mombasa wanaokwenda Chennai, mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, kwa matibabu hurudi wakilijua duka la dawa, foleni ya vipimo na chumba walichopanga, basi. Nilipompeleka mama yangu, kati ya kipimo na kipimo tulikuwa tukingojea siku tatu, siku nne. Mama hapendi kumwona mtu amekaa bure. Akaniambia, "Mwanangu, wewe kila siku unatembeza wageni Mji wa Kale. Nawe nenda katembezwe." Dada yangu akabaki naye, nami nikaenda vijijini. Nayaandika haya kwa ajili yako utakayekuwa kule mwaka huu au mwakani, una siku mbili za kungoja, na ungependa kuzisikia hadithi za mahekalu kutoka kwa wenyewe.

Kwanza litengeneze swali lako. Mahekalu makubwa ya mjini yana watembezaji. Lile la Thanjavur, alilolikamilisha mfalme Rajaraja wa Wachola mwaka 1010, utaelezwa hata kabla hujauliza. La kijijini halina mtu wa kukungoja. Ukiingia na kuuliza, "Huyu ni mungu gani?" utajibiwa neno moja, "Amman", yaani Mama, na mazungumzo yameisha. Kosa hilo nililifanya mara mbili, na mimi ndiye mwenye kazi ya kujibu maswali ya wageni! Dereva wa tuktuk aliyekuwa akinizungusha ndiye aliyenifundisha la kuuliza: Inge enna nadanthathu? Hapa palitokea nini? Mungu wa kijijini yuko pale kwa sababu kuna jambo lilitokea palepale, chini ya ule mti, kwenye lile bwawa. Ukiuliza tukio, mzee anavuta kiti.

Hadithi utakayoipata mara nyingi ni ya ng'ombe. Kila jioni anarudi zizini hana maziwa. Mwenyewe anashuku mwizi, anamfuata kimyakimya, anamkuta amesimama juu ya kichuguu anayamwaga maziwa yote. Wanachimba, chuma kinagonga jiwe, na jiwe linatoka damu. Jiwe hilo ndilo linaloabudiwa hadi leo kama mungu Shiva. Usiishie hapo. Uliza kama jeraha lingalipo, kwa maana yapo mahekalu ambako watu wanakuonyesha alama kwenye jiwe, na hapo hadithi huongezeka maradufu.

Pili, usianze na mlango. Anza pembeni mwa kijiji, kando ya bwawa au yanapoanza mashamba, maana huko ndiko waliko walinzi. Mimi niliwaona wilaya ya Pudukkottai, nilikofika kwa treni ya usiku kutoka Chennai: safu mbili za farasi wa udongo wa kuchoma, wengine wanafika kiunoni, wengine wamenipita kimo, shingoni wamevishwa kengele na shanga za udongo huohuo. Ni farasi wa Ayyanar, mungu mlinzi wa kijiji. Watu husema usiku huwapanda yeye na askari wake, akaizunguka mipaka ya kijiji kufukuza mapepo na wezi. Baba yake ni Shiva, na mama yake ni mungu mwingine wa kiume, Vishnu, alipojigeuza mwanamke mzuri aitwaye Mohini.

Ukishawaona farasi, mtafute mfinyanzi. Vijiji vingi mfinyanzi ndiye kuhani wa Ayyanar, kwa hiyo anayemfinyangia farasi ndiye anayemhudumia. Niliyemkuta mimi alikuwa amechutama anajenga mguu. Udongo ulichanganywa na mchanga na mapumba ya mpunga. Mguu una uwazi ndani kama bomba. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani umeshika jiwe la mviringo, wa kulia unapiga kwa nje na kibao bapa, tapu, tapu, tapu, na kila pigo ukuta unazidi kuwa mwembamba na mgumu. Miguu minne hujengwa kwanza, ikasimama yenyewe, ikakauka kiasi cha kuweza kubeba tumbo; ndipo tumbo linapoanza. Aliniachia nitie mkono ndani ya mguu uliokwisha. Ulikuwa baridi, na alama za vidole vyake zilikuwa zimepangana juu hadi chini. Nilimuuliza kuhusu wale waliovunjika nje, wengine wamebaki kwato tu. Akasema hawatengenezwi. Wanaachwa warudi kuwa udongo, na sikukuu ikifika huletwa wapya.

Karibu na Ayyanar, mwangalie mwenye masharubu na panga lenye ncha iliyopinda. Huyo ni Karuppan, Mweusi, msaidizi wake. Ayyanar hali nyama. Karuppan huchinjiwa jogoo au mbuzi, na huletewa pombe na sigara nene. Sasa wanakaaje uwanja mmoja? Wakati wa kuchinja, pazia hufungwa mbele ya Ayyanar asione damu. Uliza habari ya pazia hilo, utafunguliwa mambo mengi. Na ukipita Alagar Kovil, karibu na Madurai, utakuta Karuppan anaabudiwa kwenye mlango mkubwa uliofungwa, wenye ngazi kumi na nane, na watu wenye ugomvi huenda hapo kula yamini.

Tatu, utafute mwarobaini. Huu wetu, uleule unaosimama kila uwanja kuanzia Likoni hadi Kisauni. Ukiuona umefungwa vitambaa vya manjano na vyekundu, umefika kwa Mariamman. Neno mari ni mvua, na Amman ni Mama. Ndiye mleta mvua, na ndiye pia mwenye ndui na tetekuwanga. Huko mtoto akitoka tetekuwanga, watu husema Mama amekuja nyumbani. Matawi ya mwarobaini hutundikwa mlangoni, mgonjwa hulazwa juu ya majani yake, na akipona huogeshwa kwa maji ya majani hayo. Niliposikia hivyo nilimkumbuka nyanya yangu Majengo, aliyetuchemshia majani hayahaya tulipopata tetekuwanga sote watatu kwa pamoja. Ndui yenyewe haipo tena: India mgonjwa wa mwisho alikuwa mwaka 1975, na mtu wa mwisho duniani kuipata kwa kuambukizwa kawaida alikuwa katika mji wa Marka, Somalia, pwani hiihii yetu, mwaka 1977. Mariamman hakuondoka nayo. Mwezi wao wa Aadi, kuanzia katikati ya Julai, wanawake hupika uji wa wimbi kwa masufuria makubwa na kumgawia kila apitaye.

Hekaluni kwake huenda ukakuta kichwa peke yake, hakuna mwili. Usione haya kuuliza sababu. Mimi nilimuuliza bibi mmoja aliyekuwa akifagia chini ya mti, nikimwita Amma kama anavyostahili. Aliweka ufagio chini. Alisema Mama huyu zamani alikuwa mke wa mtawa, Renuka, mwenye moyo safi hata alikuwa akiufinyanga mchanga mbichi wa mtoni ukawa mtungi, akabebea maji bila kuuchoma. Siku moja akaona majini kivuli cha mtu wa mbinguni akipita, akakitamani kwa kitambo cha kupepesa jicho. Mtungi ukamomonyoka mikononi. Mumewe akajua, akamwamuru mwana wao amkate mama yake kichwa. Mwana akatii. Baba akamwambia aombe atakalo, naye akaomba mama arudishiwe uhai. Lakini alipokuwa akimfukuza alikuwa amemkata pia mwanamke wa tabaka la chini aliyemkumbatia mama kumkinga, na kwa haraka zake akaviunganisha vichwa na viwiliwili visivyo vyao. Bibi alipofika hapo alijishika shingo kwa mikono miwili, akaniangalia, akanyamaza.

Hekalu la mawe likiwa la zamani, zisome kuta, au mwombe anayejua Kitamil cha kale akusomee. Uthiramerur, kilomita takriban 90 kutoka Chennai, maandishi ya miaka ya 919 hadi 921 yanaeleza kijiji kilivyochagua wajumbe wake: mitaa 30, mgombea awe na umri wa zaidi ya miaka 35 na asiyefika 70, majina yanaandikwa kwenye majani ya mvumo, yanatiwa chunguni, na mtoto mdogo ndiye anayeyatoa.

Adabu ni chache. Vua viatu kabla ya kizingiti, zunguka hekalu likiwa upande wako wa kulia, pokea kila kitu kwa mkono wa kulia. Nenda asubuhi au alasiri, kwani adhuhuri hufungwa. Chumba cha ndani kabisa chenye sanamu si cha wageni. Baadhi ya mahekalu asiye Mhindu haingii hata ukumbini, na ukizuiwa rudi nyuma kwa heshima. Mimi ni Mwislamu. Niliponyoshewa majivu ya kupaka kipajini niliweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, na hakuna aliyechukia. Wageni ninaowapeleka Kaya Kinondo huvishwa kaniki kabla ya kuingia msituni, nao hawaulizi sana. Nilikumbuka hilo kila nilipokuwa nikivua viatu.

Usiku huohuo andika ulichosikia, na uandike nani kakuambia na mlikuwa mmesimama wapi. Ukipewa hadithi mbili zinazopingana, ziandike zote. Tulipokuwa tukirudi, dereva aliniambia bibi kakosea: kijijini kwao mwanamke yule mwingine hakumkumbatia Renuka, alikuwa tu akipita njia. Nilizisoma zote mbili kwa mama, kitandani. Alisema ya bibi ndiyo ya kweli, kisha akaniomba nimrudie pale mtungi ulipomomonyoka.