Somo: Kupima J kwa NMR tukitumia mafuta ya ganda la korosho

Sisi wa Mtwara hatuna haja ya kutafuta mbali molekuli ya kujifunzia. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua mafuta ya ganda yanavyobabua vidole. Asidi ya anakadi iliyomo, ikipashwa moto sana, hutoa kaboni dioksaidi na kubaki kadanoli: fenoli (pete ya kaboni sita yenye OH) yenye mkia wa kaboni 15. Mikia mingi ina bondi maradufu moja, mbili au tatu, na yenye tatu huishia na CH=CH2. Hapo ndipo tutapima kwa NMR, mashine ya sumaku kali inayosoma ishara za viini vya atomi na kuzichora kama vilele.

Viini viwili vya haidrojeni huhisiana kupitia bondi, na kila kimoja hupasua kilele cha mwenzake. Upana wa mpasuko huo, kwa Hz (mizunguko kwa sekunde), ndio J.

Hatua ya 1. Vaa glavu. Yeyusha miligramu 10 hivi za kadanoli kwenye mililita 0.6 za kloroformu yenye deuteriamu (haidrojeni nzito), chuja, jaza mrija wa milimita 5.

Hatua ya 2. Omba maabara ikupe faili ghafi la ishara, usikubali picha. Mimi niliwahi kuletewa karatasi yenye ppm (sehemu kwa milioni, kipimo cha mahali kilele kilipo) za desimali mbili. Kwenye mashine ya 400 MHz, ppm moja ni Hz 400, hivyo 0.01 ppm ni Hz 4! Niliambulia makisio, na sampuli ilishamwagwa. Omba pia ishara irekodiwe sekunde 4 au zaidi, mipasuko midogo isimezwe.

Hatua ya 3. Fungua faili kwenye programu, weka kilele cha mabaki ya kloroformu kwenye 7.26 ppm.

Hatua ya 4. Nenda kwenye 5 ppm, kuza mpaka vilele vijae kioo. Kuna makundi mawili. Tuseme la kwanza lina vilele 5.0700 na 5.0275: tofauti ni 0.0425, zidisha kwa 400, unapata Hz 17. La pili, 4.9900 na 4.9650: Hz 10. Ya 17 ni haidrojeni ya CH2 inayotazamana na jirani yake, haidrojeni ya CH, kutoka ng'ambo ya bondi maradufu; ya 10 iko naye upande mmoja. Kila kilele kina vijipasuko vya Hz 1 au 2, hivyo pima kutoka katikati ya vijipasuko vya kilele kimoja hadi katikati ya vijipasuko vya kilele cha pili.

Hatua ya 5, ambayo wengi huiruka. J ni mali ya wawili. Hiyo 17 na hiyo 10 lazima uzikute pia kwa jirani yao, karibu na 5.8 ppm. Usipozikuta, umepima vilele visivyo ndugu.

MASWALI

Masasi: Shikamoo mwalimu. Nikitumia mashine ya 600 MHz, J itabadilika?

Marahaba. Haibadiliki, Hz 17 ni zilezile. Kinachopungua ni nafasi kwa ppm: 0.028 badala ya 0.0425.

Kilwa: Vilele vyangu viwili havilingani kimo. Mashine mbovu?

Hapana. Kirefu kiko upande wa mwenza wake, kama mteremko wa paa unaopanda kuelekea kwenye kipeo. Fuata upande huo umtafute.

Nachingwea: Nataka kujua bondi za katikati ya mkia zimekaaje, lakini pale 5.4 ppm naona kichaka tu.

Ni kichaka kweli. Haidrojeni hizo karibu zinakaa mahali pamoja, kwa hiyo J yao haisomeki kwa kutoa na kuzidisha. Geukia NMR ya kaboni-13, aina ya kaboni ambayo mashine huiona: CH2 iliyo kati ya bondi ya kwanza na mnyororo uendao kwenye pete hukaa karibu na 27 ppm haidrojeni zikiwa upande mmoja, karibu na 32 zikiwa pande tofauti. Kama una faili la kaboni, nitumie leo jioni tulitazame pamoja.