Kupima kaboni ya udongo shambani: asilimia peke yake haitoshi

Wadau wa kilimo Moshi na Arusha, naona watu wanapeleka mfuko mmoja wa udongo maabara, wanarudi na asilimia ya kaboni wanadhani washamaliza. Bado kabisa. Soko la kaboni, yaani wanaolipa ili kaboni ihifadhiwe shambani, linahesabu tani kwa hekta, tena linalipia ongezeko tu.

Hatua ya 1: Gawa shamba. Kihamba chenye migomba na kahawa usikichanganye na shamba la mahindi kule tambarare. Pointi zichague kwa bahati nasibu, uzisevu kwenye GPS ya simu maana baada ya miaka utarudi palepale, na usikimbilie chini ya mgomba uliomwagiwa samadi.

Hatua ya 2: Ondoa majani makavu, chimba mpaka sentimita 30, changanya kwenye ndoo safi, chukua kama nusu kilo. Anika kivulini, chekecha kwa chekeche la milimita 2.

Hatua ya 3, na hii ndo yenyewe: kupima uzito wa udongo kwa ujazo wake. Chukua pete ya chuma yenye kipenyo sentimita 5 na kimo 5, weka kipande cha ubao juu, gonga taratibu udongo usije ukashindiliwa, ichimbue kwa pembeni, kata kwa kisu sawasawa na ukingo, udongo ukimeguka rudia. Chukua kwenye kina cha 5, 15 na 25. Kausha kwenye oveni nyuzi 105 kwa saa 24, pima, gawa kwa ujazo wa pete ambao ni kama sentimita za ujazo 98. Gramu 80 inakupa gramu 0.8 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Udongo wetu wa volkano huku Kilimanjaro na Meru ni mwepesi, mara nyingi chini ya 0.9, kwaiyo usikope namba ya udongo wa kwingine jamani!

Hatua ya 4: Uliza maabara wanatumia njia gani. Walkley-Black, njia ya kutumia kemikali, ni rahisi ila haikamati kaboni yote, kuchoma sampuli ni bora. Ukianza na moja, baki nayo. Udongo wa tambarare udondoshee asidi kidogo, ukitoa mapovu una chokaa, waambie maabara waitoe kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Zidisha asilimia ya kaboni kwa namba ya pete (hatua ya 3) kwa kina cha sentimita. 3 × 0.8 × 30 = tani 72 kwa hekta. Ungekopa 1.3 ungepata 117, yaani tani 45 ambazo hazipo shambani. Kama kuna mawe, punguza sehemu yake. Kupata kaboni dayoksaidi zidisha kwa 3.67.

Hizo 72 ndo mwanzo wako, hazilipwi. Mtu akikuletea mkataba, muulize vipimo vya pete alichukulia shamba gani.