Jinsi ya kuomba kubadilishiwa namba ya injini ukiweka bloku ya zamani kwenye gari jipya la turbo

Namba ya injini hupigwa kwenye bloku, yaani chuma kikuu chenye silinda. Haiko kwenye silinda hedi (kifuniko cha juu ya bloku), wala kwenye turbo, wala kwenye kontroli boksi (kompyuta ya injini). Kwa hiyo ukitoa bloku iliyopasuka ya gari lako la turbo na kuweka ya toleo la nyuma, mbele ya sheria umebadilisha injini, hata kama kila kilichofungwa juu yake ni kilekile kilichokuja na gari. Nimemaliza maombi haya hivi karibuni na uchungu wa muda uliopotea bado ninao. Makaratasi yaanze kabla ya spana. Ukifuata mpangilio huo, mengine yote yanavumilika.

Anza kwa kuuliza ofisi ya usajili swali moja, tena kwa maandishi: gari la mwaka huu linaruhusiwa kubeba injini ya mwaka ule? Injini mpya kwenye gari la zamani kwa kawaida haina ubishi mkubwa. Kinyume chake ndicho chenye mtego, kwa sababu ya moshi. California, kwa mfano, inataka injini iwe ya mwaka wa gari au mpya zaidi. Uingereza, gari lililoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2002 au baadaye hupimwa moshi kwa kiwango cha umri wa gari lenyewe, injini iwe ya lini. Jibu la ofisi yako ndilo litakaloamua kama ununue bloku au utafute injini nyingine kabisa. Ukieleza ombi lako, taja wazi kwamba unabadilisha bloku peke yake, na kwamba hedi, turbo, katalisti (kisafisha moshi) na kontroli boksi vinabaki vya gari. Karani asiposoma hilo atadhani umerudisha injini nzima ya enzi za nyuma, na atakujibu kwa dhana hiyo.

Sasa risiti, ambayo ndiyo iliyonitesa. Wauzaji wa vipuri vilivyotumika wana mazoea ya kuandika "injini moja" na bei, kisha mhuri. Karatasi hiyo haina thamani dirishani. Risiti yangu ilikataliwa kwa sababu haikuwa na namba, na ofisi haikunieleza hivyo siku ya kwanza; ilinirudisha kwa sababu nyingine kwanza, kisha kwa hiyo. Ofisi inayojua orodha ya vinavyotakiwa ingeweza kuibandika mlangoni na kuwaokoa watu wengi. Usitoe hela mpaka risiti iwe na namba kamili ya bloku, ujazo wa silinda, jina na anwani ya muuzaji, tarehe na sahihi. Ukiweza, pata pia namba ya chasi ya gari ambamo bloku ilitolewa. Na kabla ya kulipa, peleka namba hiyo polisi au kwenye rejista ya magari ihakikiwe kama haijaripotiwa kuibwa. Bloku ya wizi haitakuwa halali kwa sababu tu uliinunua kwa nia njema, na utakayepoteza ni wewe.

Kuhusu namba yenyewe, kuwa makini sana hapa. Bloku huwa na namba za aina mbili. Ya kwanza imeinuka juu ya chuma kama maandishi ya sarafu: hiyo ni namba ya kalibu (umbo linalomwagiwa chuma kilichoyeyuka), na bloku nyingi zilizomwagwa kwenye kalibu ya aina moja zinayo ileile. Ya pili imezama, imepigwa kwa mhuri wa chuma, na hiyo ndiyo inayotakiwa kwenye fomu. Watu hunakili ya kwanza kwa sababu ni kubwa na inasomeka haraka, halafu maombi yanarudi.

Kisha kuna karakana. Ikiwa bloku itasawazishwa uso kwa mashine, tazama kwanza namba imekaa wapi. Kwenye injini nyingi za V8 ndogo (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) za Chevrolet, namba imepigwa kwenye kipande cha uso uleule unaokutana na hedi, kwa hiyo mashine ikipita, namba inaondoka na vumbi la chuma. Bloku isiyo na namba inafanana na bloku iliyofutwa namba, na hakuna mkaguzi atakayekupa nafasi ya kujieleza kirahisi. Piga picha kabla, mwambie fundi wa mashine aiache sehemu hiyo, na kama haiwezekani, simamisha kazi mpaka upate maelekezo ya maandishi kutoka ofisi ya usajili. Usikubali kamwe fundi aipige upya namba kwa mkono wake, hata akiwa na nia safi. Bloku mpya kutoka kiwandani mara nyingine huja bila namba. Hiyo inahitaji barua ya mtengenezaji au wakala wake.

Piga picha za namba bloku ikiwa bado sakafuni: moja ya karibu, nyingine ya mbali inayoonyesha bloku nzima. Safisha kwa brashi laini na dawa ya grisi, usitumie msasa. Injini ikishaingia, manifoldi ya ekzosi, turbo na mabati ya kuzuia joto vinaweza kuifunika kabisa, na mkaguzi akitaka kuiona utalazimika kufungua ulichokwishafunga.

Ufungaji sitauzungumzia kwa kirefu. Ila hakikisha bloku ya zamani ina pa kurudishia oili ya turbo kwa mteremko, ina sehemu ya kufunga sensa ya kugonga (inayohisi injini ikigonga), na uwiano wake wa mgandamizo (kiasi hewa inavyobanwa ndani ya silinda) unafaa kwa turbo. Bloku ya injini isiyo ya turbo mara nyingi ina pistoni zenye mgandamizo wa juu na haina vinyunyizi vya oili chini ya pistoni. Gurudumu la meno linalosomwa na sensa ya kranki lazima lilingane na kontroli boksi ya gari. Hili linahusu maombi moja kwa moja, maana likikosewa taa ya injini itawaka, na gari lenye taa hiyo mahali pengi halipiti ukaguzi.

Usilipeleke gari kwenye ukaguzi siku lilipotoka gereji. Betri ikitolewa au hitilafu zikifutwa, kontroli boksi hupoteza kumbukumbu ya vipimo vyake vya moshi, na mashine ya mkaguzi itaonyesha kwamba havijakamilika. Liendeshe kwanza, barabara ndefu na foleni, injini ikianza baridi mara kadhaa, mpaka kifaa cha kusomea kionyeshe vipimo vimetimia. Muulize fundi wako akupimie. Ni kazi ya dakika chache.

Fomu yenyewe ni rahisi. Ambatanisha cheti cha usajili, risiti, picha, ripoti ya ukaguzi na barua ya gereji yenye namba ya zamani na mpya. Bima waarifu kabla gari halijarudi barabarani, hasa kama ujazo umebadilika, kwa sababu ajali ikitokea watalinganisha namba.

Cheti kipya kikitoka, kisome tarakimu kwa tarakimu ukiwa bado dirishani. Sifuri na herufi O hubadilishana nafasi, vivyo hivyo moja na I. Na bloku iliyopasuka uliyoitoa usiitupe kimyakimya: namba yake ilikuwa yako. Ukiiuza hata kama chuma chakavu, andika hati yenye namba hiyo, tarehe na sahihi za wote wawili, ubaki na nakala.